Usiing'oe Hiyo Giaboksi, Jifunze Dabo Klachi Kwanza

Ukipeleka Land Rover ya zamani gereji hapa Arusha ukasema gia ya pili inasaga, kabla hujamaliza maelezo hukumu imeshatoka: ng'oa hiyo, pandikiza ya Toyota. Fundi hajawasha gari, hajakanyaga klachi, hajauliza ndani kuna oili gani. Nimeambiwa hivyo na zaidi ya fundi mmoja, na kwa kazi nyingine ni watu ninaowaheshimu. Kwa hili nawapinga. Giaboksi nyingi zinazohukumiwa namna hii ni nzima, ila zimeangukia mikononi mwa watu waliojifunzia magari ambayo kazi ya kulinganisha spidi za gia yanaifanya yenyewe. Kwenye hizi za zamani kazi hiyo ni ya dereva, kwa dabo klachi, yaani kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia unayobadilisha.

Yangu ni Series IIA, ile 109 ya shasi ndefu. Tangu Series I ilipoanza mwaka 1948 hadi hizi za miaka ya sitini, Land Rover ilikuja na sinkro, kile kifaa cha kulinganisha spidi za gia, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili hazina, wala rivasi. Series III ya mwaka 1971 ndiyo iliyoleta sinkro kwenye gia zote nne za kwenda mbele. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba IIA yake inalia akishuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili bado hajataja ugonjwa wowote. Ameeleza tu gari lilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Sinkro ilikuwepo tangu 1928, Cadillac walipoanza kuiweka kwenye magari yao kule Marekani, lakini kwa miaka mingi watengenezaji wengi waliiweka kwenye gia za juu tu. Za chini walimwachia dereva, na dereva wa wakati ule alijua la kufanya.

Oktoba 2024, tamasha la Land Rover lilipoujaza mji huu magari ya kila umri, watu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nasikiliza. Foleni ikisogea hatua tatu na kusimama, kila baada ya muda unasikia "krrr" moja ndefu, halafu mwenye gari anacheka na kumwambia aliyekaa naye kwamba hizi gari ndivyo zilivyo. Hapana kaka, hazipo hivyo.

Kazi ya sinkro ni hii: ringi ya shaba inasugua koni ya gia mpaka spidi ya gia na ya shafti zifanane, ndipo meno yanakutana. Bila ringi hiyo, meno yanakutana yakiwa kwenye spidi yoyote uliyoyaachia. Mwangalie konda wa kifodi, daladala zetu, pale soko la Kilombero akidandia gari lililokwisha kuondoka. Anakimbia nalo kwanza, sambamba na mlango, ndipo anatia mguu. Angetia mguu akiwa amesimama, angeburuzwa. Meno ya gia nayo lazima yakimbie pamoja kabla hayajashikana.

Tuchukue namba za mfano. Tuseme gia ya tatu inataka injini izunguke mara 1.5 kwa kila mzunguko wa shafti inayotoka nyuma, na ya pili inataka mara 2.2. Unatembea, shafti ya nyuma inazunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukiwa gia ya tatu, injini iko 1,500. Sasa unataka ya pili. Magurudumu hayajabadili mwendo, kwa hiyo upande wa injini lazima ufike 2,200. Ile tofauti ya 700 lazima itoke mahali fulani. Gari la siku hizi linaitafuta kwa ringi. Kwenye gari langu naitafuta mimi, kwa mguu wa kulia.

Wengi wanapotelea hapo hapo. Wamesikia kwamba lazima upige mafuta, basi wanakanyaga klachi, wanatoa gia, wanapiga mafuta huku klachi bado iko chini, na gia inalia vile vile. Klachi ikiwa chini, injini imeachana na giaboksi. Unaweza kuungurumisha injini mpaka majirani watoke nje, ndani ya giaboksi hakuna kitakachoongeza spidi. Lazima uiachie klachi gari likiwa fri, yaani halina gia, ili injini ishike zile gia za ndani na kuzizungusha. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ukishazoea, yote hayo ni kitendo kimoja kisichochukua hata sekunde mbili, na gia inaingia kwa vidole.

Kuongeza gia ni kinyume chake. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili, gia za ndani zinazunguka haraka mno na zinatakiwa zipunguze. Unakanyaga, unatoa, unaachia klachi mguu wa kulia ukiwa umeshatoka kwenye mafuta, unasubiri kidogo, unakanyaga, unaingiza. Hiyo subira ndiyo inayowashinda machalii wetu. Urefu wake nao haukai sehemu moja. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai oili ya giaboksi inakuwa nzito, inazipunguza gia mwendo upesi. Ukichelewa, nafasi imepita na itabidi urudie kwa kugusa mafuta. Mchana, giaboksi ikishapata moto, unasubiri zaidi. Hakuna mshale wa kukuonyesha, unasikiliza injini ikishuka. Ndiyo maana redio kwenye gari langu haiwashwi mpaka nimefika gia ya nne, na wanaopanda nami wameshachoka kuuliza.

Mkono hauna kazi kubwa. Leva ya gia ikikataa, usibishane nayo wala usiiegemee. Rudi fri, achia klachi, gusa mafuta, jaribu tena. Dereva anayesukuma kwa nguvu anakula ncha za meno, kidogo kidogo, na vile vipande vya chuma vinazunguka na oili mpaka kwenye beringi.

Kitu ambacho wabunifu wa gari hili hawakukiwaza ni tuta. Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, na ukipita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, hadi Bomang'ombe, unakutana na vibao vya hamsini, matuta, vivuko vya pundamilia, na trafiki na tochi yake. Watu wakiona gia ya pili imeliwa wanalaumu kupanda Marangu. Mimi sikubali. Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni unachagua gia, unakaa nayo, injini inavuta na giaboksi imetulia. Tuta ndilo linalokudai kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kila baada ya muda mfupi, na kila mara kuna mtu nyuma yako mwenye haraka. Dawa yangu ni kufunga breki mapema kuliko wengine, nipunguze mwendo nikiwa bado gia ya tatu, niachie breki, halafu nifanye dabo klachi kwa nafasi, mguu wa kulia ukiwa huru, kabla sijalifikia tuta. Wa nyuma atapiga honi. Apige.

Kwenye mteremko mambo ni mengine, na hapa sitanii. Ukitoka Moshi kuja Arusha, kabla hujaanza kuteremka kwenye bonde la mto Kikavu, uwe umeshaingia gia unayotaka kushukia. Usijaribu kushusha gia katikati ya mteremko. Ukiikosa, uko fri, gari linachukua kasi, kila sekunde spidi unayoitafuta inapanda zaidi, na umebaki na breki za dramu zilizobuniwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Wenye Noah hawana habari na hofu hii.

Kuna pia kusaga kwa gari lililosimama. Uko kwenye mataa, unakanyaga klachi, unaingiza ya kwanza, inalia. Hapo si suala la mafuta: gia za ndani bado zinazunguka kwa mwendo ziliokuwa nao na unatakiwa kuzisubiri zisimame. Kama huna muda wa kusubiri, gusa kwanza gia ya tatu, ambayo ina sinkro. Ringi yake itazisimamisha, kisha ingiza ya kwanza kimya kimya. Ukisubiri na kugusa ya tatu na bado ya kwanza inalia, tatizo liko kwenye klachi. Haiachani vizuri. Kwenye IIA klachi inasukumwa kwa maji ya breki, kwa hiyo anza kwa kutoa upepo, angalia silinda ya juu na ya chini kama zinavuja, pima pedali inavyocheza. Ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji kushusha hata nati moja ya giaboksi. Ningependa kujua ni giaboksi ngapi zimeng'olewa mkoa huu kwa sababu ya mpira wa silinda ya klachi.

Na oili. Kitabu cha gari kinataka EP 90, oili nzito ya gia. Dukani ukisema tu "oili ya gia" utapimiwa chochote kilicho kwenye pipa, na mara nyingi ni ya difu, ya daraja la GL-5. Oili hizo zina viungo vya salfa vya kulinda meno ya difu, na baadhi yake zinakula shaba, wakati bushi na ringi za giaboksi ya zamani ni za shaba. Tafuta ya daraja la GL-4. Ukikuta kopo lisilo na maandishi ya kueleweka, liache. Kuweka oili nyepesi ili "gia ziwe laini" nayo ni ujanja wa siku mbili: gia zinachukua muda mrefu zaidi kupungua mwendo, na kupandisha gia kunakuwa kugumu zaidi.

Anayeniambia kwamba ujuzi huu umekufa na wazee hajakaa na madereva wa malori. Yale malori ya Kimarekani, Freightliner na International, mengi yana giaboksi za Eaton Fuller zisizo na sinkro kabisa, gia 10, 13, hata 18. Vijana wanayaendesha usiku kucha, wengine wakishaondoka hawagusi tena klachi, wanabadilisha kwa kulinganisha mizunguko ya injini tu. Kuna dereva mmoja wa lori, kijana wa miaka thelathini na kitu, nilimpa usukani wa 109 huko Njiro. Aliuliza tu gia zimekaaje. Akapanda kwanza, pili, tatu, akashuka pili, sikusikia kitu. Nikamuuliza imekuwaje rahisi hivyo. "Kaka, hii ina nne tu." Chuo cha udereva kinachokufundisha kuegesha kati ya ndoo hakitakupa hilo. Mnunulie dereva wa lori chai na chapati, akae kiti cha abiria saa moja.

Wapo ambao siwalaumu kwa kupandikiza. Gari la kubeba majani ya ng'ombe na mbolea kule Kibosho, linaloendeshwa na kila kijana wa boma, halina muda wa kusubiri mtu ajifunze. Hilo lipeni Toyota. Lakini hata hapo kuna hesabu ambazo fundi hasemi. Kwenye Series, transfa, ile boksi inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, imefungwa moja kwa moja nyuma ya giaboksi, kwa hiyo ukitoa moja umegusa yote, na urefu wa propela nao unabadilika. Ukipandikiza na injini, ile ya dizeli ya Toyota kama 1HZ ina nguvu kuliko ya petroli iliyokuwepo, na hafu shafti za nyuma za Land Rover hizi, zile zinazozungusha magurudumu, zinajulikana kwa kukatika hata bila kuongezewa mzigo. Unatibu kelele ya gia ya pili, miezi michache baadaye uko kando ya barabara na ekseli iliyokatika.

Mwenye gari la kupendeza, analolitoa Jumapili kwenda Moshi na kurudi, sioni sababu hata moja ya yeye kupandikiza.

Na kama umeshaamua, au kazi imeshafanyika, basi giaboksi ya zamani usiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Usimwage oili, ziba matundu kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, ilaze stoo mahali pasipo na unyevu. Gia za IIA hazipatikani kirahisi, na kuna watu mjini hapa wanazitafuta. Mimi ni mmoja wao: nahitaji gia ya rivasi, na bei tutaelewana.