Gagulo la shangazi lilivyopaa Bahi (kidogo)

Kabla hamjaendelea kusambaza ile klipu ya mbuzi anayekimbia na roketi, nisikilizeni na mimi. Jamaa aliyeirusha mtandaoni kaikata mwanzo, mkabaki kuona mbuzi tu.

Roketi ni yangu, sikatai. Mwili wake ni lile boksi gumu linaloviringishiwa jora la kitambaa, ncha nimeijaza plasta, rangi nimepiga mikono mitatu. Parachuti? Tulieni, nafika.

Klabu yetu ya roketi ndogo ilikuwa na mota (kile kijiinjini cha baruti) aina mbili: C6-5 na D12-5. Herufi ni nguvu yote iliyomo, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Namba inayofuata ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, ya mwisho ni sekunde za kusubiri mota ikishazima ndipo iteme parachuti. Nikatangaza C inatosha. Ukweli ni kwamba nilishagandisha kwa gundi kibomba cha mota cha milimita 18, na D12 inataka 24. Nibomoe tena?

Dogo mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Kaka, umeipima?" Nikamjibu roketi si nyama.

(Jana nimeipeleka buchani. Gramu 430. Mwisho wa uzito wa roketi kwa C6-5 ni gramu 113. Haya, chekeni.)

Tatu, mbili, moja. Fyuuu! Ikaruka hadi usawa wa paa, watu wakashangilia, nami nikanyanyua mikono juu. Halafu ikasimama. Hewani. Kama mgeni anayeulizia nyumba. Upepo wa Bahi mnaujua. Ukaigusa kiunoni, ikainama taratibu, ikaja kujilaza mchangani karibu na mbuzi wa mzee mmoja wa Kigogo. Kimya. Kamoshi kembamba kanatoka mkiani. Beberu akasogea, akanyoosha shingo, akanusa. Hapo ndipo nikaikumbuka ile tano. Tatu… nne…

Paf!

Likachomoka gagulo la pinki la shangazi, na lesi zake zote, likamvaa beberu kwenye pembe. Beberu huyooo, roketi inaburuzwa nyuma. (Hajaumia, msinijazie ujumbe.)

Tukamkamata kwenye majaruba ya mpunga. Mzee hakudai hata senti. Aliligeuzageuza gagulo, akashika lesi, akaniuliza mbele ya klabu nzima: "Mwanangu, mwenyewe anajua?"

Alikuwa hajui. Kajua jana usiku, kwenye grupu la familia. Haya nayaandikia kwa jirani.