Bwana Harusi Kapaka Piko

Kabla hamjanicheka, naomba ieleweke kwamba mbuzi hakuwa na kosa lolote. Alichinjwa Idd el Hajj kwa heshima zote, nyama ikagawiwa, na ngozi ikabaki imetundikwa uani ikimsubiri yule kijana wa baiskeli anayepita kukusanya ngozi. Mwaka ule kijana alichelewa. Nikaitazama ile ngozi, shetani akanitazama mimi.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa miezi minne. Kila Jumamosi nilikwenda kukaa kwa fundi mmoja wa makubadhi hapa Ngamiani, Tanga, mzee ambaye meno yake mawili ya mbele yameisha kwa kukata nyuzi. Alinifundisha mshono wa sindano mbili: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano kila ncha, zote zinapita katika tundu lilelile lililotobolewa na msharasi, moja ikienda na nyingine ikirudi, kisha unavuta mikono yote miwili kama mtu anayetaka kulikumbatia gunia. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono haufumuki kama ule wa cherehani. Nilipolielewa hilo nikajiona nimefuzu, nikaanza kugawa zawadi. Mkuu wangu wa kazi nilimpa pochi isiyopokea noti ya elfu kumi mpaka ikunjwe mara tatu. Mama watoto nilimpa mkoba, na hadi leo unahifadhi vitunguu. Vijana wa barazani nikawafungulia darasa la bure. Siku ya kwanza walikuja wanne, siku ya pili akaja mmoja, naye alikuwa amefuata simu yake aliyoisahau.

Ngozi zote hizo nilinunua kwa fundi, zikiwa tayari. Ile ya mbuzi ikanitia kiburi cha kuanzia mwanzo kabisa.

Fundi alinielekeza. Chumvi ya mawe kwanza, isioze. Kisha inalowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yang'oke kwa kidole, unaitandika juu ya gogo na kuiparua kwa mgongo wa kisu, unaiosha mpaka chokaa iishe, ndipo unaizamisha kwenye maji ya magome. Wazee wa pwani walitumia magome ya mikoko, na enzi za Wajerumani magome hayo yalipakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Siku hizi mkoko hukati bila kibali, nami sikuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya mbuzi. Nikaagiza magome ya miwati kutoka Lushoto. Yakaja juu ya basi, kwenye kiroba.

Wiki ya chokaa sitaki kuieleza sana. Jirani alimtuma mtoto kuja kuuliza kama tumepotelewa na paka. Nikalihamishia pipa nyuma ya choo, watu wakaanza kukilaumu choo. Siku ya tano mama watoto alisimama mlangoni, upande wa kanga puani, akauliza kwa upole ule unaotisha kuliko kelele: "Baba, hii maiti tunaizika lini?"

Magome yaliituliza harufu. Wiki ya tatu nikakata ukingo kidogo kama nilivyoambiwa: nje pande zote mbili rangi ya kahawia, katikati mstari mweupe kama tui. Maana yake dawa haijafika ndani. Nikairudisha. Wiki ya tano nikakata tena, kahawia tupu. Nikaikausha kivulini, nikaipaka mafuta ya nazi, nikaikanda kama unga wa chapati mpaka ikawa laini ya kuwekea shavu. Usiku ule nililala nayo chumbani. Usiku wa pili nililala nayo sebuleni, kwa amri.

Ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akatangaza harusi.

Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema viatu vya bwana harusi ni juu yangu. Mama mdogo alikuwa amekwishauona ule mkoba wa vitunguu, lakini ni mtu mwenye adabu, akanyamaza. Mpango ulikuwa mzuri tu: soli ya tairi chini, ngozi ya ng'ombe katikati, ngozi ya mbuzi wangu juu na kwenye kanda, gidamu ya kusokota. Tatizo lilikuwa rangi. Bwana harusi alitaka nyeusi, ifanane na joho.

"Rangi hununui," fundi akasema. "Unayo jikoni." Siki, misumari yenye kutu, chupa, wiki moja, na kifuniko usikikaze. Ukipaka maji yake juu ya ngozi iliyoivishwa kwa magome, ngozi inageuka unaiona kwa macho: rangi ya chai, ikawa majivu, ikawa mkaa. Ule ukali wa magome unaokausha ulimi ukikutana na chuma, unazaliwa wino. Chai ya rangi inao ukali huohuo. Sikuamini, nikatia matone kwenye kikombe kilichokuwa mezani. Kikawa cheusi tii. Kilikuwa cha mama watoto. Hakusema neno, alikichukua, akaenda kukimwaga, akarudi akakaa na kunitazama kwa muda mrefu.

Sasa sikilizeni, maana kosa liko hapa. Fundi alisema: ukishapaka, osha kwa maji yenye magadi kidogo, suuza mpaka maji yatoke meupe, acha ikauke siku mbili, ndipo upake mafuta na nta. Hayo yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari. Ila harusi ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa nashona gidamu ya pili Alhamisi saa nne usiku, umeme umekatika, tochi ya simu mdomoni. Nikayafuta makubadhi kwa kitambaa, nikayamiminia mafuta ya nazi, nikayatundika dirishani. Asubuhi yaling'aa kama macho ya pweza. Mama mdogo alitoa machozi. Aliniomba radhi, hata sababu hakuitaja.

Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri. Mimi nilikuwa mpambe, kazi yangu kumshikia mwavuli na kushuhudia wivu wa watu wanaoangalia viatu. Tulipofika msikitini bwana harusi akaenda bombani kutia udhu. Alivua makubadhi, akaosha miguu vizuri kama inavyotakiwa, kisha akaichomeka humo ikiwa bado inachuruzika, akatembea hatua kama kumi na tano hadi mlangoni. Akavua. Akaingia na mguu wa kulia.

Zulia lilikuwa jipya. La rangi ya krimu, waumini wamelichangia tangu Ramadhani.

Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuona. Unyayo wa kwanza ulitoka kamili kama muhuri wa serikali: kisigino, ukingo wa nje, vidole vitano, na kati ya kidole gumba na cha pili kijidoa kizito pale ilipobana gidamu. Wa pili vilevile. Nikataka kumwita, lakini utamwitaje bwana harusi anayekwenda kuoa? Nilihesabu nyayo kumi na moja hadi mbele alipokaa. Mtoto mmoja akaziona, akaanza kuruka kutoka unyayo hadi unyayo, anapima mguu wake kila mahali, huku babu yake akimvuta shati. Shehe aliinua macho kutoka kwenye karatasi za ndoa, akafuata ile njia kwa macho mpaka mlangoni, akarudi nayo mpaka kwa bwana harusi, akameza mate, akaendelea. Namheshimu sana yule shehe.

Nikajipa moyo kwamba joho litafunika. Nilikuwa nimesahau kiosha miguu.

Kwa wasiojua: bwana harusi akifika kwa bibi harusi, mlango haufunguki bure, anatoa kifungua mlango. Akishaingia, wakwe wanamwosha miguu, na hapo pia anatoa. Bibi yake bibi harusi alikuwa ameketi tayari na beseni la maji ya mawaridi. Mimi nilibaki kizingitini. Akaunyanyua mguu wa kwanza, akausogeza kwenye taa.

"Mjukuu wangu," akasema, "na wewe wamekupaka piko?"

Kulikuwa kimya kiasi cha kusikia maji. Kisha kigelegele kimoja, kisha chumba kizima. Wanawake walikuja kutoka uani kumwona mwanamume aliyepakwa piko. Shangazi mmoja aliinama, akachunguza, akatangaza kwa wenzake: "Tena piko yenyewe haina hata ua moja!"

Bibi akasugua kwa sabuni. Ikazidi kuwa nyeusi. Mimi nilijua kwa nini, maana sabuni na magadi ni ndugu, vyote huikoleza rangi ile, na uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Ndimu! Bibi, tia ndimu!" Wakageuka wote. Hapo ndipo ukoo wa pili ulipojua fundi ni nani. Ndimu zilizokuwa zimetengwa kwa kachumbari ya biriani zikaletwa, bibi akazisugua moja baada ya nyingine, maji ya mawaridi yakawa kama ya gereji. Mguu ukaanza kurudi, kwanza kijivu, kisha wa mtu mgonjwa. Bibi akajinyoosha mgongo.

"Kiosha miguu kilikuwa elfu ishirini," akasema. "Hii si kuosha, hii ni kusugua sufuria. Elfu hamsini. Na atoe yule pale mlangoni."

Nilitoa. Kwenye picha wamekaa miguu pamoja, ya bibi harusi imenakshiwa hina ya kupendeza, ya bwana harusi kama aliyetembea tanuru la mkaa. Mdogo wangu ameizungushia fremu, na kila nikienda kwake ananikalisha mbele yake.

Zulia nililisugua Jumamosi alfajiri kwa ndimu na maji, mwadhini amenisimamia mikono nyuma. Nyayo kumi zilififia. Moja ipo mpaka leo karibu na nguzo ya tatu, na nikiingia msikitini watu huniachia nafasi hiyohiyo. Fundi nilimsimulia, akacheka mpaka akauweka chini msharasi. Akaniuliza tu kama daftari langu lilikuwa na kurasa zote.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, namba siijui. Ni yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ile dawa yako, kwa sabuni haitoki kabisa?"

"Haitoki, bibi. Inazidi. Nisamehe sana..."

"Sikiliza. Kichwa changu chote ni mvi, na piko ya dukani inaniwasha."

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba ile si dawa ya nywele, ni siki na misumari yenye kutu. Akanyamaza kidogo. Nikadhani simu imekatika.

"Misumari ya inchi ngapi?"