Ngwara, jembe tindo na tabaka gumu la mashamba ya Karatu

Katika mashamba mengi ya Karatu, Mbulu na Arumeru, kaskazini mwa Tanzania, mvua kubwa inaponyesha maji hutuama juu ya ardhi au hutiririka kuelekea korongoni, na siku chache tu baada ya mvua kukatika mahindi hukunja majani kana kwamba hayakuonja tone. Mara nyingi sababu yake haionekani kwa macho. Sentimita 15 hadi 30 kwenda chini kuna tabaka lililoshindiliwa na plau ya sahani inayopita kina kilekile mwaka baada ya mwaka, likaongezewa uzito wa magurudumu ya trekta, hasa pale shamba linapolimwa udongo ukiwa bado umelowa. Jembe la mkono nalo huacha tabaka la namna hiyo, ingawa jembamba na lililo juu zaidi. Maji hayapenyi kwenda chini, na mizizi haiyafuati hata yale machache yaliyopenya.

Kwa muda mrefu sasa wataalamu wa kilimo hifadhi, yaani kilimo kisichopindua udongo na kinachouacha umefunikwa, wamekuwa wakipendekeza dawa isiyohitaji dizeli: mazao ya kufunika udongo, yaani mimea kama ngwara (ambayo wengine huiita fiwi), mbaazi, mukuna au marejea, ambayo mizizi yake inasemekana kuyatoboa matabaka hayo bure. Naunga mkono mazao haya, lakini naona kwamba ahadi inayotolewa juu yake imekosewa mahali pamoja muhimu, na kosa hilo limewakatisha tamaa wakulima ambao wangefaidika nayo.

Tuanze na upande wenye nguvu wa hoja. Mzizi husukuma udongo kwa shinikizo la maji lililo ndani ya seli zake, na shinikizo hilo lina kikomo: ukinzani wa udongo unapokaribia megapaskali 2 (megapaskali ni kipimo cha shinikizo), mizizi ya mazao mengi hukaribia kusimama au hugeuka na kutambaa kwa ubavu. Hata hivyo mimea haifanani. Katika jimbo la Maryland, Marekani, watafiti Guofeng Chen na Ray Weil walilinganisha figili ya malisho, rapa (mmea wa mafuta wa jamii ya kabichi) na rai (nafaka inayofanana na ngano) katika udongo ulioshindiliwa kwa makusudi, wakaona kwamba mizizi minene ya figili ilipenya vizuri kuliko ya rapa, na ya rapa vizuri kuliko ile myembamba ya rai. Mahindi yaliyofuata yalipeleka mizizi mingi zaidi chini pale palipotangulia figili, kwa sababu mizizi iliyokwisha kuoza ilikuwa imeacha vijia vilivyo wazi. Mzizi wa hindi hauna nguvu ya kufungua mlango, lakini ukiukuta wazi huingia. Hayo ni matokeo ya kweli, na ndiyo yaliyoipa hoja hii uzito duniani.

Tatizo ni kalenda. Mkulima wa Maryland hupanda figili mwishoni mwa kiangazi chao, kisha vuli na baridi huja na unyevu. Udongo hulainika, mzizi hushuka, barafu huua mmea, na mahindi hupandwa majira ya kuchipua yakikuta vijia tayari. Unyevu ndio unaoliregeza tabaka gumu. Udongo uleule usiopenyeka ukiwa mkavu huweza kupitika ukiwa na maji. Sasa ichukue kalenda hiyo uipeleke Karatu. Masika huisha Mei, na kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua ya kutegemewa. Mkulima anayevuna mahindi Julai au Agosti na kuambiwa apande zao la kufunika shamba baada ya mavuno, anaambiwa apande kwenye tofali. Hakuna mzizi utakaotoboa tofali, uwe wa figili au wa mmea mwingine wowote.

Kwa hiyo katika nyanda hizi zao la kufunika udongo halina budi kuingia shambani mvua ikiwa bado ipo, chini ya mahindi yenyewe. Wakulima wa ngwara wamelijua hili bila kusubiri maabara. Ngwara hupandwa kati ya mistari wiki kadhaa baada ya mahindi kuota, hukaa kivulini ikikua taratibu huku mzizi wake mkuu ukishuka wakati udongo ungali na unyevu, na mahindi yanapokauka ndipo inapotanda na kulifunika shamba lote kwa miezi ya kiangazi. Wakati huo imekwisha kufikia maji ambayo mahindi hayakuyapata. Mbaazi za Babati hufanya kazi inayofanana na hiyo, kwa mzizi unaokwenda chini zaidi. Lakini hapa pia pana gharama isiyosemwa kwa sauti ya kutosha: ukiwahi kupanda, ngwara huparamia mahindi na kuyalaza, ukichelewa, mzizi wake hukuta udongo umekwisha kukaza, na katika mwaka wa mvua haba mimea miwili hugombea maji yasiyotosha mmoja. Dirisha ni finyu.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kazi ya chuma iachiwe chuma. Katika miaka ya 1990 miradi ya hifadhi ya udongo iliyofadhiliwa na Sweden huko Arusha na Babati ilieneza upasuaji wa tabaka gumu kwa trekta, na baadaye likaja jembe tindo linalovutwa na maksai, ambalo huchana mstari mmoja wa kupandia bila kupindua udongo. Faida yake ni ya msimu uleule: mvua ya kwanza inazama ndani ya mchano badala ya kukimbia. Wanaoshikilia hoja hii wana haki ya kuuliza kwa nini mkulima mwenye njaa mwaka huu asubiri mizizi ioze kwa misimu mitatu au minne.

Udhaifu wa chuma ni kwamba hakiachi kitu cha kuushikilia udongo usirudi ulivyokuwa. Mchano uliopigwa katika udongo wenye mboji kidogo huanza kujaa na kujifunga mvua zinapoupiga, na shamba likipitiwa tena na magurudumu, baada ya misimu michache hali hurudi palepale na fedha ya kukodi trekta imekwisha. Ukipigwa udongo ukiwa umelowa, chuma hukata na kulainisha kingo kama kisu kwenye sabuni, bila kulivunja tabaka. Mizizi hufanya kile ambacho chuma hakiwezi: hujaza nyufa, huacha mboji, hulisha minyoo na vijidudu vinavyogandisha chembe za udongo ziwe mabonge madogo yasiyosambaratika. Hapa ndipo lilipo kosa nililolitaja mwanzoni. Ngwara imeuzwa kwa wakulima kama kifaa cha kuvunja, ilhali pale tabaka lilipokomaa kazi yake hasa ni kutunza kilichovunjwa. Jembe tindo litangulie wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu wa kupasuka, na ngwara ifuate masika ndani ya mchano huohuo. Mradi wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2004 nchini Kenya na Tanzania, ukafundisha kupitia mashamba darasa, Karatu ikiwamo, uliviweka viwili hivi pamoja, na nadhani uliona sawasawa.

Lakini hata mpango mzuri wa udongo huweza kushindwa na mambo yasiyo ya udongo. Mwaka 2009 Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na wenzake walitoa hoja nzito kwamba kilimo hifadhi hakiwafai wakulima wadogo wengi wa Afrika, kwa sababu masalia ya mazao yanahitajika na mifugo, palizi huongezeka plau inapoachwa, na mavuno hayapandi upesi. Yeyote aliyepita Mbulu mwezi Agosti anaielewa hoja ya mifugo. Baada ya mavuno mashamba huwa malisho ya wote, na ngwara ndiyo kitu pekee cha kijani kwenye upeo wa macho. Sheria ndogo za kijiji zipo mahali pengi, lakini ni vigumu kumshtaki jirani ambaye ng'ombe wake wana njaa, na pengine ng'ombe wenyewe ni wa nyumba hiyohiyo na maziwa yao ndiyo ada ya shule.

Hapa nadhani wataalamu wamekuwa wagumu kupita inavyohitajika. Kwa shamba lililoshindiliwa, kitu cha thamani kubwa zaidi kiko chini. Mkulima akikata sehemu ya majani na kuwapelekea ng'ombe zizini, mzizi unabaki na kijia chake kinabaki. Kinachobakia juu kitoshe tu kuvunja makali ya matone ya vuli yasiuzibe uso wa udongo. Kukata na kubeba ni kazi ya ziada, sikatai, lakini kunazuia kwato kukanyaga shamba na kunaleta samadi mahali pamoja. Vilevile anayevuna kwa kukata shina hufaidi kuliko anayeling'oa.

Palizi ni hoja ninayoipa uzito mkubwa zaidi. Shamba likiendelea kulimwa kwa plau kila mwaka, vijia hukatwa juu na tabaka hujengwa upya, hivyo plau haina budi kuachwa. Na ikiachwa, magugu ya mwaka wa kwanza na wa pili huangukia zaidi mikono ya wanawake au fedha ya viuagugu. Ngwara ikitanda vizuri huyapunguza baadaye, ila hesabu ya miaka hiyo miwili lazima isemwe wazi kabla mtu hajaanza. Na anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu yoyote ya kuilipa.

Soko nalo huchagua mmea kuliko mzizi unavyochagua. Marejea, iliyoenezwa na Padre Gerold Rupper huko Peramiho, kusini mwa Tanzania, ni nzuri kwa udongo, na mukuna vilevile, lakini hazijazi gunia la kuuza. Ngwara huvuka mpaka kwenda Kenya kuwa njahi mezani kwa Wakikuyu, ndiyo maana hupandwa hata na wasiojali habari za tabaka gumu. Mbaazi zilikuwa na neema hiyo hadi Agosti 2017, India ilipowekea mipaka uagizaji wake na bei ikaporomoka. Zao lililotegemea mnunuzi mmoja lilipunguza mvuto wake palepale, ingawa mizizi yake haikubadilika.

Kabla ya kuchagua upande wowote, mkulima achimbe kwanza shimo la nusu mita masika yanapoelekea ukingoni, mahindi yakiwa bado mabichi, na achomeke kisu ubavuni kuanzia juu kwenda chini. Kisu kikikwama kwenye kina cha plau kisha kikaingia tena kwa urahisi chini yake, na mizizi ya mahindi ikawa imepinda hapohapo kama kiwiko, tatizo ni la kulima, na jembe tindo likifuatiwa na ngwara linaweza kulitibu. Kisu kikikwama kutoka hapo hadi chini kabisa, ugumu huo huenda ni wa asili ya udongo wenyewe, na mbegu za ngwara peke yake hazitaubadilisha.