Kituo cha Polisi Kilikuwa Ng'ambo ya Barabara

Kutoka lango la hosteli yetu hadi kituo cha polisi ni dakika saba kwa miguu, labda nane ukingoja magari yapite. Mwenzangu wa chumbani alitumia siku 19 kufika pale.

Tulikuwa mwaka wa pili, Dar es Salaam, katika chuo ambacho sitakitaja. Kijana wa mwaka wa tatu, tuliyekuwa tukisoma naye kwenye kikundi cha majadiliano, alimwita akachukue mitihani ya zamani. Alirudi usiku, hakusema neno. Alioga, akafua kila alichokuwa amevaa, hadi khanga. Alinieleza kulipokucha, sauti ikiwa imemkauka, kwamba yule kijana alimbaka. Tukaenda kwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mpole sana. Alitusikiliza, akaandika, akamshika mwenzangu mkono. Kisha akasema: "Wanangu, msiende popote kwanza. Hili tutalimaliza humu ndani."

Tukangoja. Kamati ya nidhamu haikutimiza wajumbe, halafu mitihani ikaingia, halafu mwenyekiti akasafiri. Kijana yule tulikutana naye kantini, anakula chipsi na wenzake. Siku ya 19 mwenzangu aliamka akavaa viatu, akaniambia, "Twende." Pale kaunta askari akauliza: "Siku zote hizo mlikuwa wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Tulikosa jibu kwa sababu jibu lilikuwa chuo, na tuliona aibu kukitaja. Daktari hakuwa na cha kuona tena. Shauri halikufika mahakamani, na yule kijana alihitimu mwaka uliofuata.

Mlezi yule simchukii. Naamini alidhani anamlinda binti asidhalilike. Lakini kamati ya nidhamu imewekwa kwa ajili ya watu wanaoingia na karatasi kwenye chumba cha mtihani au wanaopigana bwenini, na adhabu yake kubwa kabisa ni kumfukuza mtu chuo. Ubakaji ni jinai, na katika Kanuni ya Adhabu mtu mzima akitiwa hatiani kifungo chake hakipungui miaka 30. Kamati haina uwezo wa kumkamata mtu, kupekua chumba, wala kupeleka nguo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ina jina la chuo la kulinda, na hilo peke yake lingetosha kuiondoa kwenye shughuli hii.

Mwili nao haungoji kikao. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevunyevu huharibu ushahidi. Polisi ndio wanaotoa fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza na baadaye husomwa mahakamani, lakini aliyeanzia hospitali atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Nilikuwa na miaka 21, nikisoma shahada, na sikujua hata moja kati ya haya. Wiki nzima ya kuwapokea wanafunzi wapya tulifundishwa namna ya kuazima vitabu maktaba.

Kuna jambo jingine ambalo mabinti wengi hawaambiwi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha au dalili za kupambana ili kuthibitisha kuwa mwathirika hakuridhia. Nayo Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Mwenzangu alikuwa akijiuliza kila usiku kwa nini hakupiga kelele. Angesomewa sentensi hizo mbili siku ile ya kwanza, naamini angevuka barabara saa ileile.

Hata kwa makosa yasiyofikia ubakaji, saa inatembea. Unyanyasaji wa kijinsia, yaani maneno na mashikoshiko yasiyotakiwa, ni kosa chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni hiyohiyo, na lalamiko linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Nyie mnaojua kasi ya vikao vya vyuo vyetu, hesabuni wenyewe.

Kwa wahadhiri wanaouza alama, mlango ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu 113, bure. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inataja rushwa ya ngono waziwazi. Mwaka 2018 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) alipoandika mtandaoni kwamba tatizo hilo lipo chuoni kwake, wengi walimwona mchafuzi wa jina. Miaka miwili baadaye TAKUKURU wenyewe walitoa utafiti uliohusu UDSM na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na hakuna aliyeweza tena kusema ni uzushi.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu: polisi penyewe ni mtihani. Unasimulia mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibiwa, unaulizwa ulivaa nini. Madawati ya Jinsia na Watoto yamesaidia, ila si kila kituo na si kila saa. Mtu mzima akisema sitaki polisi, basi hataki, na asilazimishwe. Lakini mwenzangu hakuchagua kutokwenda. Aliambiwa angoje, naye hakujua kuna kinachopotea anapongoja. Siku hizi vyuo vimeagizwa kuwa na madawati ya jinsia, na kazi ya kwanza ya dawati iwe kumweleza binti haya yote saa hiyohiyo, bila kumwekea kikao mbele. Basi la chuo linalopeleka timu ya mpira mikoani limpeleke hospitali. Na awepo mtu wa kwenda naye, akae naye kwenye benchi mpaka mwisho.

Mwaka jana, saa saba usiku, mtoto wa mama yangu mdogo alinipigia kutoka hosteli yake. Nilijua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Nikamwambia, "Usioge, mdogo wangu. Chukua sweta, nakuja." Saa tisa kasorobo tulikuwa kituoni, nguo zake kwenye mfuko wa kaki uliokuwa na mkate wangu. Afande wa kike alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Shauri bado linaendelea, kwa hiyo siwezi kusema zaidi. Karatasi ya RB, yenye namba ya taarifa yetu polisi, mdogo wangu aliikunja mara nne, akaiweka nyuma ya kava la simu yake, na bado iko pale.