Mzee akirudia vibao vyake, ashushe ufunguo kwanza

Wimbo wa mwimbaji wa kantri wa Marekani Johnny Cash uitwao Give My Love to Rose una matoleo mawili ambayo mpenzi wa kantri anapaswa kuyasikiliza kwa kufuatana, bila kuweka kitu kingine katikati. La kwanza lilitoka 1957 kwa kampuni ya Sun ya Memphis, Cash akiwa na miaka 25. La pili limo kwenye albamu ya American IV ya 2002, Cash ana miaka 70, mgonjwa, na hakumaliza mwaka tangu albamu hiyo itoke. Kisa ni kilekile: mpita njia anamkuta mfungwa aliyeachiwa huru ameanguka kando ya reli, anakata roho, anaomba salamu zake zifikishwe kwa mkewe Rose na mwanawe. Kijana wa 1957 anasimulia yaliyompata mtu mwingine. Kwa mzee wa 2002 pumzi inapungua ndani ya mstari, na unajikuta unamsikia yule aliyelala kando ya reli. Toleo hilo la uzeeni ndilo lililompa Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa kantri mwaka 2003.

Sasa weka albamu yake ya Classic Cash ya 1988. Mwimbaji ni huyohuyo, nyimbo 20 zote ni za zamani, I Walk the Line imo, Folsom Prison Blues imo. Imepigwa vizuri, imerekodiwa kwa usafi, na sioni sababu ya mtu kuisikiliza mara mbili.

Tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo inayonifanya niandike. Siwalaumu wakongwe wanaorudi studio na vibao vyao. Ninachowalaumu baadhi yao ni kujaribu kuiga rekodi waliyoitoa wakiwa vijana.

Tuanze na I Walk the Line, maana humo kila mtego umo. Rekodi ya Sun ya 1956 haina dramu. Cash alipachika kipande cha karatasi kati ya nyuzi za gitaa lake ili mkwaruzo wake usikike kama dramu ndogo. Luther Perkins yuko kwenye gitaa la umeme, Marshall Grant kwenye besi, basi. Beti ni tano na ufunguo, yaani noti ya msingi ya wimbo, unabadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Ule mguno unaousikia kabla ya kila ubeti ni mwimbaji anajitafutia noti ya kuanzia. Ubeti wa mwisho unarudi kwenye ufunguo wa kwanza, ila oktavu moja (ngazi nzima ya noti nane) chini. Kwa hiyo wimbo unadai sauti pana kuliko unavyodhani ukiupigia mluzi jikoni. Mzee akiushusha wote nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) ili kuokoa beti za juu, ubeti wa mwisho unazama mahali ambapo hakuna sauti, kuna mngurumo tu. Dawa ni kuacha ile oktavu ya mwisho, au kupunguza mabadiliko ya ufunguo yabaki mawili. Wimbo utakuwa mwingine kidogo. Na uwe.

Uzee hauli sauti kwa mpangilio mmoja kwa watu wote. Ila mara nyingi noti za juu ndizo huondoka kwanza. Pumzi inapungua. Ule mtetemo mwisho wa neno, ambao kijana huutawala, unakuwa wa polepole na mpana, mpaka noti inayumba. Wanawake wengi sauti inashuka na kunenepa, wanaume wengi inakuwa nyembamba. Ndiyo maana swali la kwanza studio ni ufunguo. Njia rahisi: tafuta noti ya juu kabisa ya kiitikio, umwombe mzee aiimbe mara tano, saa nne asubuhi, akiwa ameshapasha koo. Usiamini ile ya kwanza, ya kwanza kila mtu anaipata. Ya tano ndiyo itakayokuambia ushushe kiasi gani. Mara nyingi jibu ni kati ya nusu toni mbili na nne.

Kushusha kuna gharama yake, na hapa ndipo maprodyuza wasiopiga ala hukosea. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, hupandisha ufunguo tu, haishushi. Wimbo wa ufunguo wa E uliojengwa juu ya uzi mnene ulio wazi ukiupeleka D, mpiga gitaa anapoteza ule mvumo wa chini. Inabidi alegeze nyuzi zote toni nzima, na nyuzi zikilegea zinapiga kelele kwenye frati, vile vyuma vya shingo. Kama alikuwa na seti ya nyuzi za 12, afunge ya 13 iliyo nene zaidi, na shingo ya gitaa ikaguliwe siku moja kabla, si dakika kumi kabla ya kurekodi. Fidla nayo ina ubishi wake: wimbo wa A ukiushusha nusu toni moja unampokonya mpigaji karibu nyuzi zake zote zilizo wazi. Shusha mbili uende G, afurahi. Kwa hiyo nusu toni moja yaweza kuwa ghali kuliko mbili.

Kinachorahisisha kazi Nashville ni mfumo wao wa namba. Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya 1950: badala ya kuandika kodi (noti zinazopigwa pamoja) kwa herufi, unaandika 1, 4, 5. Ufunguo ukibadilika, karatasi haibadiliki. Mzee anasema leo A inanichoma, kiongozi wa bendi anasema basi G, na baada ya nusu dakika wanapiga.

Kosa lililo kubwa kuliko la ufunguo ni la mwendo. Prodyuza anaona amemleta mkongwe, anataka heshima, anaupunguza wimbo kasi. Mstari uliokuwa na urefu wa pumzi moja sasa unadai pumzi moja na nusu, kwa mtu ambaye hata ile moja hana. Afadhali uongeze mapigo matatu au manne kwa dakika. Au uache mwendo ulivyo, mwimbaji alikate neno la mwisho mapema, fidla au gitaa la pedali limalizie mkia wa noti. Willie Nelson hili halimsumbui sana, kwa kuwa tangu ujana wake anaimba nyuma au mbele ya mdundo kama anaongea. Waliozoea kushikilia noti ndefu ndio hupata taabu.

Maikrofoni iwekwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, iinamishwe kidogo pembeni, maana meno ya bandia yanatoa herufi s kali sana. Saa mbili za kuimba kwa siku zinatosha, wimbo mmoja mara tatu au nne. Ukiunganisha vipande vya mara tofauti, unganisha mstari kwa mstari. Ukiunganisha neno kwa neno, pumzi zinaruka na msikilizaji anahisi kuna kitu hata kama hawezi kukitaja. Programu ya kunyoosha noti iache izimwe. Kwenye noti inayoyumba haijui ishike wapi, na mzee anatoka na sauti ya roboti. Prodyuza Rick Rubin alipomchukua Cash, sehemu kubwa ya albamu ya American Recordings ya 1994 ilikuwa sauti na gitaa tu, sebuleni kwa Rubin na kwenye kibanda cha Cash huko Hendersonville, Tennessee. Kwenye albamu hiyo Cash aliurudia Delia's Gone, wimbo aliokwisha kuurekodi miaka ya 1960, na hakuna mahali pa kujificha.

Kwa nini basi Classic Cash ya 1988 ilikuwa vile? Pesa, na sisemi kwa kebehi. Kampuni ya rekodi ya Columbia ilikuwa imeachana na Cash mwaka 1986 baada ya miaka 28, akahamia Mercury, na Mercury haikuwa na hata kibao kimoja cha zamani cha kuuza. Wimbo una haki mbili: tungo, yaani maneno na melodia, na rekodi yenyewe, ile masta. Masta ilibaki kwa kampuni za mwanzo. Lakini kwa sheria ya Marekani, wimbo ukishatolewa mara ya kwanza, yeyote anaweza kuurekodi ilimradi mwenye tungo alipwe kiwango kilichowekwa, kilichokuwa senti 9.1 kwa nakala kuanzia 2006 hadi 2022, kikapanda hadi senti 12 mwaka 2023. Kinachomzuia mwimbaji ni kipengele cha mkataba wake cha kutorudia nyimbo zilezile kwa muda fulani, kwa kawaida miaka mitano tangu zitoke au miwili tangu mkataba uishe, ipi itachelewa. Muda ukipita yuko huru. Tangazo au filamu ikiutaka wimbo, anauza masta yake mpya kwa bei ya chini kuliko kampuni. Vijana wamelijua jambo hili kwa Taylor Swift, aliyerekodi upya albamu zake, lakini Kenny Rogers alilifanya 1977: upande wa kwanza wa albamu yake ya Ten Years of Gold ni nyimbo za kundi lake la zamani, First Edition, zimerekodiwa upya. Huenda Ruby, mojawapo ya nyimbo hizo, unayoijua wewe kwenye redio si ile ya 1969.

Ukitaka kuhakikisha unasikiliza ipi, soma mstari wenye P ndani ya duara, alama ya haki ya rekodi na mwaka wake, ingawa kwenye mikusanyo mwaka huo wakati mwingine ni wa mkusanyo. Maneno Re-Recorded mara nyingi hujificha mwishoni mwa jina, simu inayakata. Masikio ni bora zaidi: rekodi za Cash za Sun ni mono (sauti moja kwa masikio yote mawili), kwa hiyo ukivaa spika za masikioni ukasikia gitaa kushoto na ala nyingine kulia, kuna mkono umepita hapo. Na I Walk the Line yenye dramu siyo ya 1956.

Mwimbaji wa kantri Loretta Lynn alikuwa na miaka 88 ilipotoka albamu yake Still Woman Enough, Machi 2021, iliyosimamiwa na binti yake Patsy pamoja na John Carter Cash, mtoto wa Johnny. Alikuwa ameshapata kiharusi mwaka 2017 na kuvunjika nyonga mwanzoni mwa 2018. You Ain't Woman Enough aliimba na Tanya Tucker, One's on the Way na Margo Price, na kugawana beti namna hiyo ni njia nzuri ya kumpumzisha mwenye wimbo. Coal Miner's Daughter, iliyotoka 1970 na iliyomtambulisha kuliko nyimbo zake zote, hakumgawia mtu. Hakuiimba pia. Aliyasema maneno yake, mstari baada ya mstari, kwa lafudhi ileile ya milima ya Kentucky, kama bibi anayewaeleza wajukuu nyumba aliyokulia.