Nairobi hadi New York: Kilomita Hazitoshi Kupangia Safari

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Ukigawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa unapata saa 13 na dakika kidogo, na vikokotoo vingi vya mtandaoni huishia hapo. Ni hesabu inayopoteza watu. Ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Kilomita hizo ni za njia fupi kuliko zote juu ya duara la dunia: inashika kaskazini-magharibi, inakata Sahara, kisha Atlantiki. Rubani hawezi kuifuata kama uzi, kwa kuwa zipo njia za anga zilizopangwa na mawingu ya radi ya kukwepa. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Tena saa za kwenye tiketi huhesabu hata muda ambao ndege inatambaa ardhini.

Nairobi nayo ina yake. Uwanja uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Jua likiwaka hewa huzidi kuwa nyepesi, kwa hiyo kuruka usiku wa baridi kunaiwezesha ndege kubeba abiria na mizigo zaidi.

Sasa linganisha na kupitia Amsterdam: jumla ni kama kilomita 12,500, ziada isiyofika 700. Kwa kilomita ungesema ni yale yale. Lakini angani ni saa 16 na zaidi, bado hujaongeza kusubiri. Ukipitia Dubai unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, na jumla inapita kilomita 14,500. Nauli ikiwa nafuu, sawa, ila nunua safari nzima kwa tiketi moja. Kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na hela yako.

Kosa kubwa zaidi ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Kuondoka 23:00 na kufika 07:00 huonekana saa 8, kumbe ni 15, kwa sababu New York iko nyuma kwa saa 7. Kuanzia Novemba hadi Machi iko nyuma kwa saa 8. Wamarekani hubadili saa zao, sisi hatubadili.

Na tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unatakiwa uwepo saa tatu usiku, tarehe 11.