Naitrojeni ni ya bure, elektroni ni za kununua

Yurea, mbolea ya naitrojeni, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, Kampala, imekuja kwa meli, mara nyingi hadi Mombasa, kisha ikapanda lori. Amonia yake ilitengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewa na hidrojeni juu ya kichocheo cha chuma, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo kubwa mno. Na hewa tunayovuta hapa ni naitrojeni asilimia 78! Ndiyo maana wapo wanaotaka Uganda iwekeze kwenye kampaundi changamano za metali (atomi ya metali iliyozungukwa na molekuli au ioni zilizoshikamana nayo), zinazofanya kazi hiyohiyo ndani ya chupa ya maabara bila tanuri.

Hoja yao ina mashiko. Mwaka 1965 wanakemia Allen na Senoff walionyesha kwamba metali ya rutheni inaweza kuishika molekuli ya naitrojeni. Metali ikiishika, huisukumia elektroni, na kifungo cha mara tatu kati ya atomi zake mbili hulegea. Mwaka 2003 Yandulov na Schrock walipata amonia kwa metali nyingine, molibdeni, katika joto la kawaida la chumba, ingawa kila atomi ya metali ilitoa molekuli zisizozidi nane. Mwaka 2019 kundi la Nishibayashi, Tokyo, likafika hadi 4,350, hidrojeni ikitoka kwenye alkoholi au maji. Ongeza megawati 600 za bwawa la umeme la Karuma, tamaa inaeleweka.

Ila elektroni za Tokyo zilitoka wapi? Kwenye samari iodidi, kampaundi ya metali ya samari na iodini. Molekuli moja ya amonia inadai elektroni tatu, na kila samari hutoa moja tu. Kwa uzito, kilo moja ya amonia inakula zaidi ya kilo 70 za kemikali hiyo. Mkulima gani wa mahindi Masindi atailipia?

Wanaosema tutegemee soya na bakteria wa vifundo vya mizizi yake, wanaonasa naitrojeni ya hewani, wana haki nusu: mahindi na matoke hayana vifundo hivyo. Umeme wa Karuma nao hauna haja ya kusubiri molibdeni. Unaweza kuchanganua maji, hidrojeni ikaingia kwenye mtambo wa kichocheo cha chuma, kama Norwe ilivyoanza kufanya Rjukan mwaka 1929 kwa umeme wa maporomoko.

Fedha za kiwanda ningezipeleka huko. Za utafiti ningempa mwanafunzi wa Makerere anayeshughulika na elektrodi, si anayesaka metali mpya: atafute namna ya kuirudishia samari elektroni kwa umeme, gramu zilezile zitumike tena na tena.